Bi harusi, basi la kufanya nyumba halichaguliwi kwa rangi



Siku hizi fungate si hoteli tu. Maharusi wameona kwenye simu watu wanaonunua basi kuukuu, wakang'oa viti, wakaweka kitanda, jiko na choo, kisha wakazunguka nalo nchi. Wapo wanaotamani kufanya hivyo bara, kutoka Dodoma kwenda Kondoa na Babati, au kupandia Singida. Wazo lenyewe sisi tunalipenda. Tusilolipenda ni basi kuchaguliwa na bwana na marafiki zake, halafu pesa ikatoka kwenye mahari ya bibi, naye akaja kuliona siku ya kupanda.

Maoni yetu ni haya: mwanamke akitia mali yake, yeye ndiye wa kwanza kulikagua basi, na jina lake liwe kwenye kadi.

Kwanza, ni yeye atakayeteseka likichaguliwa vibaya. Kila aliyesafiri na basi la abiria kwenda bara anajua maana ya "kuchimba dawa". Gari linasimama porini, wanaume wanageukia huku, na wewe na buibui lako unatafuta kichaka. Uwanda wa kati ni mkavu, na vichaka vyake havifichi kitu. Nyumba ya magurudumu isiyo na choo na mahali pa kutawadhia haijamwondolea mwanamke tabu hiyo. Kwa hiyo choo na maji vipangwe kabla ya kitanda cha kifahari na taa za mapambo.

Pili, ulizeni basi limeishi wapi. Sisi wa visiwani tunaijua kutu. Chumvi ya bahari inakula bati hata gari likiwa limesimama. Basi lililofanya kazi miaka yote Dodoma au Singida huwa limepona na chumvi, na hii ndiyo sababu kubwa ya kwenda kutafuta huko badala ya kununua la pwani lililopakwa rangi juzi. Tangu 2024 treni ya SGR inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam, basi safari ya kwenda kukagua si ngumu tena: boti asubuhi, kisha treni. Mkifika, fundi wenu alale chini ya gari, aangalie chasisi, na afunue mikeka aone sakafu na matao ya magurudumu. Bara nako kuna adui wake, vumbi. Mwambieni afungue chujio la hewa, na aangalie moshi injini ikiwashwa ikiwa baridi.

Tatu, aina. Kombi ya zamani ina sura nzuri kwenye picha, lakini ikikuzimikia njiani Kondoa, spea utaitoa wapi? Sisi tungechukua Toyota Coaster kuukuu yenye injini ya dizeli ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2. Injini hiyo hiyo imo kwenye Land Cruiser nyingi zinazofanya kazi vijijini, kwa hiyo fundi anayeijua hatafutwi mbali. Na usione haya kwamba lilikuwa daladala. Wazee wetu Unguja walichukua chasisi za malori wakazijengea bodi, zikawa gari za mbao zilizobeba watu na mizigo miaka na miaka. Sisi tunajua kwamba mbao na bati hujengwa upya. Chasisi ikioza, hakuna nyumba.

Nne, lipimeni kwa sala. Ingia ndani, simama wima, rukuu, sujudu. Coaster ina upana wa mita 2 na kidogo kwa nje, na ile ndefu inakaribia mita 7, kwa hiyo nafasi ni ya kuhesabu. Kama kichwa kinagusa dari au sijda inaishia kwenye kabati, badilisha mpango wa kabati au tafuta lenye dari ya juu. Hesabuni na uzito. Lita 1 ya maji ni kilo 1, basi tangi la lita 200 ni kilo 200, kabla hujaweka jiko, betri na mbao. Gari lililobeba abiria 29 lilikuwa na mzigo wa karibu tani 2; msivuke hapo. Mtungi wa gesi uwe na kabati lake linalofunguka nje, na pazia ziwe nzito, maana sitara haipatikani kwa kioo cheusi usiku taa ikiwaka.

Mwisho, karatasi. Namba ya chasisi na ya injini zilingane na kadi. Basi la biashara lina namba nyeupe. Likiwa la kwenu binafsi, nendeni TRA mkabadilishe matumizi, mpate za njano. Mkiwa mmechangia wawili, andikianeni mbele ya mashahidi nani katoa kiasi gani. Sura ya An-Nisaa imeweka wazi kwamba mahari ni ya mke, na akitoa sehemu yake atoe kwa ridhaa yake. Kuandika si kukosa imani na mume. Ni kumlinda yeye na wewe na maneno ya watu kesho.

Ukishamaliza hayo, safari ni tamu. Barabara ya Dodoma hadi Babati ni lami tupu, Kondoa misikiti ipo, na pale Kolo kuna michoro ya miambani iliyoingizwa urithi wa dunia mwaka 2006. Paka rangi unayoitaka basi, hata waridi. Rangi ni ya mwisho.

Mwenyezi Mungu awape kheri maharusi wetu, barabarani na nyumbani.