Mwenye kisukari asisubiri giza

Alinijia mzee mmoja, muuza mchele hapa Mwanjelwa. Mistari ya msahafu inampotea, na mbele ya jicho la kulia vinaelea vitu vyeusi kama utando wa buibui. Alidhani ni mtoto wa jicho. Ana kisukari mwaka wa 11 huu, kadi yake ya kliniki imejaa vipimo vya sukari na presha, lakini hajawahi kutiwa matone ya kupanua mboni akaangaliwa ndani ya jicho. "Huniuliza kama naona vizuri, nami nasema naona," akaniambia.

Swali hilo halitoshi. Sukari ikizidi kwa miaka huziba mishipa midogo ya retina, yaani ngozi laini ya nyuma ya jicho inayopokea picha. Retina ikikosa oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF, ambayo kazi yake ni kuotesha mishipa mipya ya damu. Protini hii si adui: kidonda huihitaji ili kipone, na mimba huihitaji ili ikue. Zipo pia protini za kuizuia, ili isipite kiasi. Ndani ya jicho lenye njaa ya oksijeni kiasi hicho hupitwa. Mishipa inayoota ni dhaifu, huvuja na kupasuka; damu hiyo ndiyo utando wa buibui wa mzee wetu. Na hakuna maumivu yoyote. Mtu husoma vizuri hadi siku damu inapomwagika.

Mwaka 1971 Dkt. Judah Folkman wa Marekani alisema uvimbe wa saratani hukua kwa kujioteshea mishipa. Wengi walimbeza. Mwaka 2004 bevacizumab, dawa inayoikamata VEGF, iliidhinishwa huko kwa saratani ya utumbo mpana, kisha madaktari wa macho wakaanza kuichoma kidogo ndani ya jicho. Ipo na mionzi ya leza. Lakini (hapa wagonjwa hunikasirikia) hakuna kati ya hizo inayofufua retina iliyokufa.

Kwa maoni yangu, kliniki inayopima sukari bila kumpeleka mgonjwa kwa daktari wa macho kila mwaka imefanya nusu ya kazi. KCMC kule Moshi walianzisha mpango wa kupiga picha macho ya wagonjwa wa kisukari mwaka 2010. Sisi hospitali ya rufaa tunayo hapa hapa Mbeya, safari ya daladala. Mwenye kisukari cha ukubwani aanze mara tu anapogunduliwa, wala asingoje kuulizwa: aombe mwenyewe barua ya rufaa. Siku hiyo pikipiki aiache nyumbani, maana yale matone hutia ukungu kwa saa kadhaa.