Damu katika mkojo: tusiseme haraka «ni kichocho»

Mchimbaji anatoka shimoni Mongbwalu, anakwenda kukojoa, anaona mkojo mwekundu. Haumwi popote. Anaambia wenzake, nao wanamujibu: «Ni kichocho hiyo, enda umeze dawa.» Anameza. Kisha siku mbili tatu damu inapotea, anarudi kazini, anasema amepona.

Mimi nasema, hapo njo tunapoteza watu.

Kichocho ya kwetu, ile ya ziwa Albert, ya Kasenyi na Tchomia, haikai katika kibofu. Ni ya matumbo: inaleta damu katika choo kikubwa, inavimbisha ini. Kichocho ya mkojo ni mdudu mwingine, unakutwa kwa mfano huko Maniema. Na kwa sababu wachimbaji wanatembea sana, carré moja inakuwa na watu wa kila jimbo. Basi swali la kwanza la munganga liwe hili: ndugu, ulikuwa unaogea mto gani ulipokuwa mtoto? Kama hujatoka Ituri tangu uzaliwe, mkojo mwekundu unaomba jibu lingine. Inaweza kuwa jiwe, ao microbe. Inaweza pia kuwa kanseri ya kibofu, sana sana kwa mtu aliyepita miaka 40 na anavuta sigara. Sumu ya moshi inaingia katika damu, figo zinaichuja, inakaa ndani ya mkojo masaa mengi ikigusa ukuta wa kibofu. (Wengi wanashitaki mercure. Mercure inaharibu figo na bongo, tuiogope, lakini kwa kanseri hii mshitakiwa wa kwanza ni sigara.)

Kwa nini haraka? Kwa sababu ndani ya kile kinyama kuna vita. Askari wa mwili, zile chembe nyeupe za damu, wanafika mpaka karibu na kanseri, lakini kanseri inajua kuwalegeza. Ni kama barrière ya barabarani: askari iko, bunduki iko, lakini amepewa kitu kidogo na muzigo unapita.

Dawa moja ya kuwaamsha hao askari tunaijua wote: BCG, ile chanjo ya kifua kikuu wanayodungwa watoto wetu wakizaliwa. Mwaka 1976, munganga Alvaro Morales wa Canada alitangaza habari ya wagonjwa 9 aliowatilia BCG ndani ya kibofu, mara moja kwa wiki, wiki sita. Mpaka leo njo inafanywa hivyo. Inapitishwa kwa mpira mdogo, mgonjwa anabana mkojo masaa mawili hivi; vijidudu vinashika ukuta, askari wanashituka, wanashambulia na kanseri pamoja. Lakini musikimbilie friji ya chanjo: kipimo cha kibofu si cha mtoto mchanga, ni kikubwa zaidi. Na mdudu wa BCG ni mzima, kwa hiyo mwenye TB inayowaka ao aliyeshuka kinga hapewi.

Tena inafaa tu wakati kanseri iko bado juu juu, munganga akiisha kuikwangua. Ikizama katika nyama ya kibofu, mara nyingi inabaki kutoa kibofu chote. Njo sababu zile wiki tatu za vidonge vya kichocho, kisha tena miezi miwili, si kitu kidogo.

Kwa kujua imefika wapi, kamera ndogo inapita njia ya mkojo, kipande kinakatwa, kinapelekwa labo. Écho peke yake haitoshi. Leo mwenye makuta anavuka mpaka Kampala. Asiyekuwa nayo anarudi katika carré. Na dhahabu inatoka hapa kila siku, kila mtu akilipa: creuseur, PDG, négociant, comptoir. Naomba wakubwa wa jimbo na coopératives: sehemu ya hizo taksi inunue kamera hiyo, ilipe na masomo ya waganga wawili wa kuitumia, hapa hapa Bunia.

Na wewe PDG, mtu wako akikuambia amekojoa damu, usimupe tu makuta ya vidonge. Mupe siku tatu na transport ya kufika lopitali.