Kasuku: Pasi ya makala si mapambo, ni kinga ya ngozi ya mtoto

Katika komini ya Kasuku, mvua ikianza kunyesha mfululizo, nguo zinakaukia mahali popote penye kivuli cha paa au cha mti: kwenye baraza, chini ya mwembe, juu ya kamba iliyofungwa ndani ya nyumba. Jua linatoka kidogo, wingu linarudi, na mama anayefulia watoto sita hawezi kungoja. Nguo inaondolewa ikiwa bado na unyevu, mtoto anaivaa. Siku chache baadaye kipele chekundu kinatokea mgongoni au makalioni. Kinavimba, kinawasha, kina tundu dogo katikati. Mwenyeji wa Kindu hahitaji kuambiwa hicho ni nini. Ni funza wa nguo.

Dawa ya kumzuia inajulikana tangu zamani, nayo ni moto wa pasi. Lakini kila msaada unapoandaliwa kwa familia zilizokimbia vita, pasi haimo katika hesabu. Inachukuliwa kuwa kitu cha watu wa ofisi, cha harusi na cha siku ya Mungu. Hapo ndipo kosa lilipo. Hapa kwetu pasi inapaswa kuhesabiwa pamoja na sabuni, chandarua na bidoni ya maji.

Kwanza ni lazima adui ajulikane. Inzi anayeleta balaa hili wataalamu wanamwita Cordylobia anthropophaga. Wafaransa walimpa funza wake jina la Cayor, eneo la Senegal alikotambuliwa katika karne ya 19. Huyu si yule funza mwingine wa miguuni anayeingia chini ya kucha. Inzi jike hamfuati mtu. Anatafuta mahali penye kivuli na unyevu: mchanga wenye harufu ya mkojo au jasho, ama nguo iliyoanikwa mahali ambapo jua halifiki. Anaweza kutaga mayai zaidi ya 100. Baada ya siku 1 hadi 3 mayai yanaanguliwa, na funza mdogo sana anabaki kwenye nguo akingojea ngozi. Anaweza kungoja hata wiki mbili hivi. Ngozi ikimgusa, anaingia bila mtu kusikia maumivu. Ndani yake anakua siku 8 hadi 12, kisha anatoka, anaanguka chini, na baadaye anageuka kuwa inzi.

Wengi wanamwita inzi wa embe na kuulaumu mti. Mwembe hauna kosa. Inzi anapenda kivuli chake.

Katika mambo hayo yote, mahali rahisi pa kumkatia njia ni kwenye nguo, kabla haijavaliwa. Joto kali la pasi linaua yai na linaua funza aliyekwisha kuanguliwa. Inatakiwa tu pasi ipite pande zote mbili za nguo, na ikae kidogo kwenye mishono, kwenye mikunjo ya kiuno, kwenye kola na kwenye kwapa. Huko ndiko yanakojificha. Vitambaa vya kumfunga mtoto mchanga, shuka na vikwembe vya kumbebea mgongoni ndivyo vya kwanza, kwa sababu vinalala juu ya ngozi laini usiku na mchana.

Sasa waangaliwe waliokimbia. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu katika mwezi uliofuata, familia kutoka Kivu zimeingia Maniema. Wanaokuja Kindu kutoka mashariki wanafika kwanza Alunguli, ng'ambo ya kuume ya Lualaba, kisha wanavuka mto kuja Kasuku na Mikelenge. Mtu anayekimbia risasi anabeba mtoto, sufuria na karatasi za shule. Pasi ya makala ni chuma kizito, inabaki nyumbani. Tena, mtu aliyezoea ubaridi wa milima ya Kivu anaweza kufika huku asijue kwamba katika joto la kando ya mto nguo iliyokaukia kivulini ni hatari. Anaanika kama alivyoanika kwao. Hakuna aliyemwambia.

Isitoshe, watu wengi wanapolala katika chumba kimoja, kamba ya nguo ni moja, uwanja wa kuanikia ni mdogo, na mtoto ana nguo mbili tu. Ushauri wa kuacha nguo wiki mbili bila kuvaliwa, ili funza afe kwa kukosa ngozi, ni mzuri kwa mwenye kabati. Kwa mwenye nguo mbili ni maneno matupu.

Wengine wameonyesha ujanja. Wanakunja nguo ikiwa na unyevu kidogo, wanaiweka chini ya godoro, asubuhi inatoka imenyooka. Kwa macho ya mwalimu mkuu nguo hiyo ni safi. Kwa funza haijaguswa kabisa. Tena imelindwa jua. Nguo kunyooka ni jambo moja, na nguo kuwa salama ni jambo lingine.

Swali linalokuja haraka ni umeme. Huko Ulaya na Marekani watu wengi wana pasi zinazotoa mvuke, na wengine wana nyumbani mashine ya kubana nguo kwa mvuke, ile ya mbao mbili zinazofunga kama kitabu, iliyokuwa zamani ya mafundi wa kufua na kunyoosha tu. Ni kitu kizuri, kwa sababu mvuke unapenya mpaka ndani ya mshono. Lakini pasi ya namna hiyo inakula wati 1000 na zaidi, na nyingi zinapita 2000. Jenereta ndogo ya petroli, inayowasha taa, redio na televisheni kwenye avenyu zetu, inazimika palepale. Sahani moja ya jua iliyo juu ya paa haiwezi hata kujaribu. Na umeme wa mjini haufiki kila nyumba, wala hauji kila siku. Kungoja mashine hiyo ni kuwaacha watoto waendelee kuliwa.

Lakini mvuke wenyewe hauhitaji umeme. Mafundi cherehani wa Kindu wanalijua jambo hili. Chukua kitambaa safi cha pamba, kichovye majini, kikamue vizuri. Kitandaze juu ya nguo, kisha bana kwa pasi ya makala iliyoshika moto. Usiburute, bana, inua, sogeza. Maji yanageuka mvuke, na mvuke unashuka ndani ya kitambaa na mishono. Baadaye ondoa kitambaa kile na upitishe pasi juu ya nguo yenyewe mpaka ikauke kabisa, kwa sababu nguo iliyobaki na unyevu inamwita inzi upya. Kitambaa hicho pia kinazuia cheche na majivu yasitoboe shati jeupe. Kwa nguo za nailoni, kama nyingi za mitumba, usikiondoe kabisa, maana chuma cha moto kinaziyeyusha. Bana juu yake, halafu zimalizie juani.

Asiye na pasi anaweza kutumia sufuria bapa ya chuma iliyosuguliwa vizuri kwa chini, akaijaza makala ya moto na kuishika kwa kitambaa kinene. Inachosha mkono, lakini inafanya kazi.

Kuna watakaosema: watu wanakosa chakula na dawa, nanyi mnaongelea pasi? Swali hilo ni la haki. Hakuna anayetaka mchele upunguzwe ili chuma kinunuliwe. Lakini pasi moja ya makala inakaa miaka mingi na inaweza kutumiwa na nyumba nyingi. Kipele kimoja kilichooza kinamla mama siku nzima ya foleni kwenye kituo cha afya na pesa ya dawa ambayo ingenunua chakula. Kwa hesabu hiyo, pasi inalinda chakula, hailindi sura tu.

Wengine watasema makala ni ghali na yanamaliza msitu. Nao wana haki. Jibu ni kutowasha moto mpya kwa ajili ya pasi. Sombe linakaa muda mrefu juu ya mbabula. Likiiva, makala yaliyobaki bado yana nguvu. Hayo ndiyo ya kujaza pasi. Anayepanga kufua siku ya kupika sombe haongezi hata kipande kimoja.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo ni hatari ya moto wenyewe. Hapa pasiwe na mchezo. Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na katika nyumba iliyofungwa inaweza kuua familia nzima usingizini. Pasi ijazwe nje, ipigiwe nje au barazani penye hewa, na isiingizwe ndani ipoe karibu na waliolala. Ikae juu ya jiwe au tofali, mbali na majani ya paa, mbali na mtoto anayetambaa. Makala yakiisha kazi, yazimwe kwa maji au mchanga.

Na jua bado ni rafiki wa kwanza. Siku likiwaka, nguo zianikwe juu ya kamba katikati ya uwanja, zisilazwe juu ya majani wala mchangani, na ziondolewe kabla ya jioni. Pasi inasaidia siku ambazo jua limekataa, na katika Maniema siku hizo ni nyingi, kuanzia mwezi wa tisa mpaka karibu na mwezi wa tano.

Mtoto aliyekwisha kupata kipele asibanwe kwa nguvu. Funza akipasuka ndani, kidonda kinavimba vibaya. Tundu lipakwe vazelini nene ili lizibike. Funza akikosa pumzi anajisogeza juu, ndipo anatolewa taratibu kwa mikono safi. Vipele vikiwa vingi, au mtoto akiwa na homa, au usaha ukitoka, safari ni ya kituo cha afya.

Basi nani afanye nini? Mashirika yanayogawa vifaa kwa waliokimbia yaongeze pasi ya makala, hata kama ni moja kwa familia kadhaa, pamoja na dakika kumi za maelezo kwa lugha ambayo mama anaisikia. Maelezo hayo yakikosekana, pasi itauzwa sokoni wiki hiyohiyo, na mwenye kuiuza hatakuwa na lawama.

Viongozi wa mitaa na wakuu wa avenyu wanaweza kuchagua baraza moja yenye hewa, waweke meza imara, blanketi la zamani na pasi mbili, na kila avenyu ijipangie siku zake. Kijana anayejipatia riziki kwa kupiga pasi kando ya barabara asinyang'anywe kazi. Ndiye mwalimu wa kwanza wa kualikwa hapo, na alipwe.

Shule nazo zina sehemu yao. Elimu ya msingi katika shule za serikali ni bure tangu mwaka wa masomo ulioanza mwezi wa tisa 2019. Mtoto aliyekimbia vita akirudishwa nyumbani kwa sababu shati jeupe limekunjamana, mlango uliofunguliwa na sheria unafungwa na mkunjo wa kitambaa. Usafi ufundishwe, lakini mtoto aingie darasani kwanza. Mwalimu akiona kipele chenye tundu shingoni mwa mtoto, amwite mzazi kwa upole na amweleze habari za pasi. Kumwambia mbele ya wenzake kwamba ni mchafu ni kumfukuza kwa njia nyingine, tena ni uongo: funza wa nguo anaingia hata katika nguo iliyofuliwa kwa sabuni nzuri.

Hapo ndipo fahari yetu inapotudanganya. Wakongomani tunapenda nguo. Papa Wemba, mzaliwa wa Lubefu pale jirani Sankuru, aliupeleka unadhifu wetu duniani kote, na si vibaya kujivunia. Lakini kwa sababu ya fahari hiyo tumeiweka pasi upande wa majivuno, mpaka mtu mwenye shida anaona haya kuiomba. Mama aliyelala mkekani anaona atachekwa: hana chakula, anatafuta pasi!

Asichekwe. Katika avenyu zetu hakuna anayemnyima jirani moto. Mtoto anatumwa na kipande cha kopo, anasema, "Mama, unipe moto kidogo," naye anapewa makala mawili ya kuwashia mbabula yao. Hiyo ni desturi ya zamani, haihitaji mradi wala mfadhili. Pasi ni moto huohuo ndani ya chuma. Mwenye nayo Kasuku, akimaliza za kwake na makala bado ni mekundu, amwite mgeni wa nyumba ya pili alete vitambaa vya mtoto. Inzi haulizi nani ni mwenyeji na nani amevuka Lualaba jana. Funza aliyeachwa upande ule wa ukuta ataanguka mchangani, atakuwa inzi, na kamba ya kwanza atakayoiona ni ya jirani.