Kienyeji Mezani ni Sifa, Darasani ni Tusi

Mtu akiingia katika mkahawa mjini Malindi au Kilifi na kuagiza kuku, aghalabu huulizwa swali moja hata kabla ya kuletewa maji ya kunawa: amtaka wa kisasa au wa kienyeji? Akijibu kuwa amtaka wa kienyeji, huarifiwa kwamba bei yake ni ya juu na kwamba itambidi asubiri. Mteja hulipa, tena husubiri kwa hiari, kwa kuwa sote twajua kwamba nyama ya kuku huyo ina ladha yake, na kwamba mchuzi wake ukitiwa tui la nazi, wali hauhitaji kitoweo kingine.

Sasa tutoke mkahawani twende shuleni, nusu saa tu kwa miguu. Huko neno hilo hilo hubadilika sura. Mwanafunzi aliyekosea huambiwa aache mambo ya kienyeji. Aliyeleta msamiati wa nyumbani katika insha huandikiwa kwa wino mwekundu kuwa Kiswahili chake ni cha kienyeji. Ningependa leo walimu wenzangu na wanafunzi tuutafakari mgongano huu, maana nahofu unatugharimu zaidi ya tunavyodhani.

Neno lenyewe halina kosa lolote. Mwenyeji ni mwenye mji, yaani mtu aliyekaa mahali akapajua, na ambaye mgeni akifika humpokea na kumlisha. Kienyeji, basi, ni namna ya mtu huyo ya kufanya mambo. Na katika pwani yetu, mwenyeji anapofikiwa na mgeni wa heshima, jambo la kwanza ni kumtuma mtoto akamkimbize kuku.

Ajabu ni kwamba kuku mwenyewe alikuja mgeni. Asili yake ni kuku-mwitu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia. Mifupa yake imechimbuliwa katika mabaki ya miji ya kale ya pwani, kama vile Shanga katika kisiwa cha Pate na Unguja Ukuu kule Zanzibar, ambako aliliwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Ibn Battuta, alipoteremka Mogadishu mwaka 1331, aliandaliwa wali wa samli pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Jina lake nalo limeenea mbali miongoni mwa lugha za Kibantu. Mswahili wa Mombasa na Mgiriama husema k'uku kwa kutoa pumzi, Mkikuyu husema ngũkũ, Mshona huku, na Mzulu inkukhu.

Mgeni huyu aligeuka mwenyeji kwa njia gani? Si kwa damu. Aligeuzwa na watu waliomchunguza kwa makini hata wakampa jina katika kila hatua ya maisha yake. Anapoanguliwa, baada ya kuatamiwa siku 21, ni kifaranga, na akikua kidogo ni faranga. Jike anayekaribia kutaga ni tembe. Akishakomaa ni mtetea. Na yule anayewekwa kwa ajili ya uzazi ni koo. Dume ambaye hajaanza kuwika ni pora, na akiwika ni jogoo au jimbi. Aliye mrefu na mkali wa kupigana ni kuchi. Mwenye manyoya yaliyosimama ni kidimu. Yai lililoatamiwa lisianguliwe ni viza.

Majina haya yana kazi jikoni. Mpishi ajua kwamba nyama ya tembe ni laini na huiva upesi, kwamba pora hufaa kuchomwa, na kwamba jogoo mzee hutaka moto wa polepole na kipande cha papai bichi la kulainisha nyama. Ajua pia kwamba koo hachinjwi, kwa sababu kumchinja koo ni kula mtaji. Mtu asiyekuwa na maneno haya huona kuku tu, na huenda akamtia chunguni yule yule aliyekuwa akimletea wengine.

Miaka michache iliyopita niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wanitajie majina ya kuku kulingana na umri na jinsia. Wengi walinipa matatu: kuku, jogoo, kifaranga. Msichana mmoja kutoka Mambrui aliinua mkono, akayataja mengine yote bila kusita, kisha akaomba radhi. "Samahani mwalimu," alisema, "hiki ni Kiswahili cha nyanya yangu, si cha kitabuni." Nilimwomba afungue kamusi. Tembe alikuwamo, pora alikuwamo, koo alikuwamo. Alichokionea haya kilikuwa Kiswahili sanifu, na wenzake waliojiona wasomi ndio waliopungukiwa.

Naelewa aibu ile ilikotoka. Nililelewa bara ya Malindi na mama aliyefuga kuku wasiozidi 20. Muhula ulipokaribia kufunguliwa, alifunga miguu ya majogoo wawili au watatu, akawatia tengani, akaenda nao sokoni kabla ya jua kuchomoza, akarudi na fedha za karo. Katika shule hiyo hiyo iliyopokea fedha za kuku, nilivishwa shingoni kipande cha ubao tangu asubuhi hadi jioni kwa kosa la kumtaja kuku kwa Kigiriama. Simlaumu mwalimu aliyenivisha. Yamkini naye alivishwa ubao wake utotoni. Lakini siku hiyo nilijifunza somo ambalo halikuwa katika ratiba: kilichotoka kwa mama kilifaa kulipia elimu, hakikufaa kuwa elimu.

Wazee wetu hawakuwa na aibu hiyo. Mwaka 1913, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwataka vijana wa Kigiriama waende kuifanyia kazi, Mekatilili wa Menza alifika katika mkutano ulioitishwa na afisa wa utawala, Arthur Champion, akiwa na kuku mwenye vifaranga. Masimulizi yaeleza kwamba alimtaka Champion ajaribu kuchukua kifaranga kimoja, naye alipojaribu, mama kuku akamdonoa. Ndivyo itakavyokuwa, Mekatilili akamwonya, ukiwagusa wana wetu. Hoja hiyo haikuhitaji ufafanuzi. Kila mama aliyekuwapo alikwisha kudonolewa na koo mwenye wana. Mekatilili alikamatwa mwaka huo huo na kupelekwa uhamishoni mbali, magharibi mwa nchi. Leo twamsomesha katika somo la historia kama shujaa, ilhali lugha aliyoitumia kuwashawishi watu bado tunaiita ya kienyeji kwa kubeza.

Maarifa yakimtoka mwenyeji, maneno hupotoka. Chukua mfano wa kuku wa kupaka, chakula mashuhuri cha pwani: kuku huchemshwa au huchomwa, kisha hupakwa rojo la tui zito lenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Wenzetu wenye asili ya Kihindi waliohamia Uingereza na Kanada walikichukua chakula hicho wakaenda nacho, na wengi wao sasa hukiita "kuku paka". Silabi mbili tu zimeanguka njiani, na msomaji wa Kiswahili aionapo orodha ya vyakula hukuta kuku na paka katika sahani moja! Twaweza kuwacheka, lakini hao wako ng'ambo. Sisi tulio hapa Kilifi tuna udhuru gani?

Naomba nisieleweke vibaya. Simpigi vita kuku wa kisasa. Broila huwa tayari kwa kuchinjwa katika muda wa wiki 5 au 6, ilhali wa kienyeji huhitaji miezi kadhaa. Miji yetu isingeweza kulishwa na kuku wa uani pekee. Hali kadhalika, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, imezalisha katika kituo chake cha Naivasha kuku wa kienyeji walioboreshwa, wanaokua upesi na kutaga zaidi. Hayo ni mambo ya kushukuriwa. Wala sidai kwamba nyanya ajua kila kitu. Ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri, waweza kulifagia banda zima kwa siku chache, na dawa za mitishamba haziuzuii. Kinachouzuia ni chanjo, nayo hutolewa kwa tone la jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi michache. Hapo nyanya amhitaji mjukuu aliyesoma. Lakini mjukuu aliyefundishwa kumwonea haya nyanya yake atamfikishiaje ujumbe huo? Atamweleza kwa maneno gani, ikiwa hawezi hata kumtofautisha tembe na koo?

Sheria hazitukatazi. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo lao katika miaka ya mwanzo ya shule ya msingi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali iendeleze matumizi ya lugha za asili. Kilichobaki ni nia ya mwalimu aliye mbele ya darasa.

Kwa hiyo natoa rai iliyo nyepesi. Mwalimu wa Kiswahili wa Ganze, Magarini au Kaloleni awape wanafunzi wake kazi ya wiki moja: kila mtoto aende kwa mzee wa nyumbani kwao, aulize majina yote ya kuku, ya viungo vyake, ya maradhi yake na ya mapishi yake, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama, ayaandike daftarini. Mwalimu wa kilimo na alipokee daftari hilo hilo, aongeze habari za chanjo na lishe. Na atakayeleta neno ambalo mwalimu halijui, asiandikiwe kwa wino mwekundu. Aombwe alifafanue mbele ya wenzake.

Wahenga walisema kwamba mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Ni kweli, kwa kuku. Mwana wa mtu hana bahati hiyo. Asipofunzwa majina ya vitu vya kwao, hayajui. Naye akikua ataingia mkahawani Malindi, aagize kuku wa kienyeji, alipe bei ya juu, amle, na asiweze kumwambia mwanawe aliyeketi kando yake kwamba waliyemla alikuwa pora.