Bahari Ile Haikuwa Tupu

Waandishi wenzangu, leo nina ugomvi na yoti.

Naisema ile mashua nyeupe ya matanga inayokata maji kati ya visiwa vya Pasifiki. Mmeshakutana nayo vitabuni. Usukani kashika kijana tajiri aliyekimbia mji, pembeni glasi ya kinywaji baridi. Mbele minazi, na binti mrembo mwenye ua sikioni. Kisiwa hakina jina, binti hana baba wala shangazi, na kazi ya wenyeji ni kupunga mikono tu. Eti huo ndio uhuru!

Jamani, tusidanganyane. Kwanza hata ubaharia wenyewe ni wa uongo. Mwaka 1907 Jack London aliondoka San Francisco na Snark, mashua aliyoijenga kwa dola kama 30,000, akikusudia kuzunguka dunia kwa miaka saba. Mashua ikavuja tangu mwanzo. Ndugu aliyetegemewa kuongoza njia, kumbe hajui. Ikabidi mwandishi ajifundishe mwenyewe huko huko baharini. Kufika Visiwa vya Solomon, watu hoi kwa homa na vidonda, na mwaka 1908 safari ikaishia hospitali, Sydney.

Sasa linganisha. Mwaka 1976 Mau Piailug, mwenyeji wa kisiwa kidogo cha Satawal, aliiongoza Hōkūleʻa, chombo cha mitumbwi miwili iliyounganishwa, kutoka Hawaii mpaka Tahiti bila dira. Alisoma nyota na mawimbi. Na zamani zaidi, mwaka 1769, Tupaia wa Raiatea alipanda meli ya James Cook, akawachorea Waingereza ramani ya visiwa ambavyo wengi wao hawajawahi hata kuvisikia. Alifariki Batavia mwaka 1770, hakurudi kwao. Basi niambieni, nani alikuwa nahodha na nani abiria?

Najua mtanijibu, "Aa, bwana, hiyo ni burudani tu." Si burudani tu. Ufaransa ililipua mabomu ya nyuklia 193 ya majaribio kule Moruroa na Fangataufa, toka 1966 mpaka 1996. Mahali palipokwisha kuzoeleka kuwa hapana watu, nani atapaonea huruma? Hadithi hutangulia, bomu hufuata.

Mtonga mmoja, Epeli Hauʻofa, alilikataa jambo hili mwaka 1993. Alisema watu wake si wakazi wa vijisiwa vilivyopotea mbali. Bahari ni yao, na ndiyo inayowaunganisha. Naye Albert Wendt wa Samoa alikuwa ameshaandika riwaya tangu 1973. Kwa hiyo tusiseme kwamba hawana wasimulizi. Sisi ndio hatuwasomi.

Nami si malaika. Nina kurasa 60 za riwaya yangu ya yoti, na mrembo wangu kisiwani hakuwa na jina. Nilipojiuliza anakula nini wageni wakishaondoka, sikuwa na jibu. Nimezitupa zote.

Nasi tunalalamika kila siku kwamba wageni wakiandika juu yetu, huona simba na machweo, sisi wenyewe hatuonekani. Halafu tunaazima macho yao yale yale kuwatazamia wenzetu! Aibu.

Anayetaka kuandika yoti na aandike, ila ateremke kisiwani na kuuliza watu majina yao. Anayebisha, kalamu anayo.