Tumejenga Ukuta, Ufa Tumeuacha

Miaka minne iliyopita nilipanda miashoki ishirini na minne kwenye mpaka wa kiwanja changu, pembezoni mwa Dar es Salaam. Jirani alikuwa ameinua jengo la ghorofa tatu ambalo hadi leo halijapigwa lipu. Madirisha yake yanatazama jikoni kwangu, na bomba lake la maji machafu linaning'inia juu ya ukuta wa mpaka. Chumba cha chini kikawa baa. Kila niliyemlalamikia alinipa ushauri uleule: "Panda miti, Daktari, utamsahau."

Nilitii. Miti imekua, na kwa upande wa macho kazi imekamilika: nikikaa kibarazani naona kijani kitupu. Lakini jicho lina kope, sikio halina mlango. Kila Ijumaa na Jumamosi muziki wa jirani hupita katikati ya majani yale kana kwamba hayapo. Sababu yake ni ya kisayansi. Mstari mmoja wa miti ni pazia la macho tu. Ili uoto upunguze sauti kwa kiasi cha kuhisika, huhitajika ukanda mnene wenye upana wa mita nyingi, na viwanja vyetu havina nafasi hiyo. Ukuta wa matofali huzuia zaidi, lakini mdundo wa besi una mawimbi marefu, hupinda juu ya ukuta na kutetemesha vioo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele ndani ya chumba cha kulala zisizidi wastani wa desibeli 30. Hakuna bustani itakayonifikisha hapo.

Siandiki haya ili nihurumiwe. Mwezi uliopita mama mmoja anayepanga chumba nyuma ya baa hiyo, ambaye huamka saa tisa usiku kukaanga vitumbua, aliniuliza: "Daktari, wewe umejiziba kwa miti. Sisi tujizibe na nini?" Mwanawe yuko kidato cha nne na chumba chao ni kimoja. Sikuwa na jibu, na aibu ya siku ile ndiyo iliyonifanya niandike.

Nchi hii haina njaa ya sheria. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya maskani yake kuheshimiwa na kuhifadhiwa. Haikusema mwenye bustani; imesema kila mtu. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo. Tunayo Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, inayotaka idhini kabla ya kuendeleza kiwanja katika eneo lililopangwa. Walioandika sheria hizi walifanya kazi yao. Tulioshindwa ni sisi tunaoweza kuzisoma.

Nakiri kosa langu. Nilikwenda ofisi husika mara moja tu. Nikaambiwa niache namba ya simu, nikaiacha, sikupigiwa. Nami, mtu ninayewafundisha vijana kuhusu uwajibikaji, nikaenda moja kwa moja kununua miche. Ndivyo tabaka letu linavyoishi. Maji yakikatika tunachimba kisima; shule ya kata ikilegea tunahamisha watoto; ulinzi ukiyumba tunaajiri mlinzi. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Walidhani ukuta utakuwa adhabu yetu. Hawakujua tutaufanya kuwa fahari, tuupake rangi na kuupandia maua.

Wapo watakaosema baa ile inalisha vijana kumi wa mtaani. Ni kweli, na sitaki ifungwe. Kupunguza sauti, kugeuza spika zitazame ndani na kuheshimu saa za kufunga hakumnyimi mhudumu mshahara. Wengine watauliza mbona nyumba za ibada zinaachwa. Nami nauliza hivyohivyo: kipimo kiwe kimoja kwa baa, kwa mkesha na kwa kiwanda, maana usingizi wa mtoto hautambui kelele imetoka wapi.

Jumapili iliyopita tuliketi chini ya miashoki yangu, wenye nyumba na wapangaji, tukaandika barua. Imesainiwa na watu thelathini na mmoja. Saini ya kwanza ni ya mama wa vitumbua. Tumeipeleka serikali ya mtaa na nakala halmashauri, na safari hii tumedai nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa. Tumekubaliana kurudi kila baada ya wiki mbili, kwa zamu, mpaka tujibiwe kwa maandishi.

Mwanafunzi unayesoma haya, andika barua ya mtaa wako. Usinisubiri mimi na wenzangu, tumechelewa mno. Nawe mtumishi wa umma, huenda barua ya namna hii iko mezani kwako sasa hivi, chini ya kikombe cha chai. Isome. Aliyeisaini hana miti ya kupanda.