Ndege Bila Daftari
Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo wa wafanyabiashara unawafaa pia watazamaji wa ndege wa Tabora, mji uliokuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, alikusanya ndege kusini ya Tabora. Mwaka 1882 aina moja ya keremkerem iliitwa kwa jina lake, Merops boehmi. Mikusanyo ya namna hiyo ilipata thamani kwa sababu kila ndege aliandikiwa mahali na tarehe. Lakini wasafiri wale waliandika zaidi yale yaliyokuwa karibu na njia. Kwa hiyo nafasi tupu katika ramani haimaanishi kwamba ndege hawapo. Pengine mtazamaji ndiye hakuwapo.

Ni dhahiri basi kwamba asiyewajua wenyeji hawezi kumtambua mgeni. Shule zianze na ndege wa kawaida, kwa mfano wa Bwawa la Igombe, wakiorodheshwa kila mwezi.

Akionekana ndege nje ya eneo lake, mwanafunzi aandike papo hapo, kabla ya kufungua kitabu: ukubwa, umbo la mdomo, rangi za bawa, sauti, mwendo, saa, umbali na hali ya mwanga. Kitabu kikitangulia, jicho huona kilichochorwa. Kisha aeleze kwa nini huyo si ndege mwingine anayefanana naye, wala si kinda au ndege anayebadili manyoya. Yafaa pia kuuliza kama ametoroka tunduni: kasuku wadogo wa Fischer, wenye asili ya Tanzania, wameenea Naivasha, Kenya, kwa njia hiyo. Picha na shahidi wa pili, aandikaye peke yake, huimarisha taarifa. Hakuna haja ya kumwua ndege.

Wengine husema masharti haya huwavunja moyo vijana. La, taarifa kukataliwa si mtu kuitwa mwongo, bali ni ushahidi kutotosha.

Miombo ya Tabora inakatwa kwa ajili ya mashamba na kuni za kukaushia tumbaku. Bila madaftari ya leo, vizazi vijavyo havitaweza kupambanua ndege aliyehamia na yule aliyekuwapo siku zote bila kuandikwa.